Ufunguo wa Ghala

Juma lililopita alikuja nyumbani kwetu kijana mmoja tuliyemfundisha kwa muda wa miaka mitatu. Alibisha hodi jioni, akakaa, akakataa chai mara mbili kabla ya kuipokea, ndipo akatoa mfukoni karatasi safi iliyokunjwa vizuri.

"Mwalimu," akasema, "nimesikia wanaandika watu kwa kazi ya gati. Nakuomba unitengenezee barua. Wewe unayajua maneno ya ofisi."

Kazi za namna hiyo sasa zinatafuta watu. Maji ya ziwa Tanganyika yalipanda mwaka 2021, yakapanda tena kwa nguvu mwaka 2024, yakaingia katika mitaa ya Kalemie, ya Uvira na ya Bujumbura. Nyumba nyingi zilifunikwa, na kando ya ziwa kuta na magati yaliharibika. Yaliyobomoka lazima yajengwe tena. Tena si kwetu tu. Ng'ambo, huko Karema, Tanzania imejenga bandari mpya inayotazamana na Kalemie. Na upande wa bahari, kule Banana, jiwe la msingi la bandari ya maji marefu liliwekwa Januari 2022. Basi vijana wengi wa nchi hii watapata chakula chao kwa kufanya kazi juu ya maji, nasi twafurahi, maana kijana asiye na kazi ni huzuni ya nyumba nzima.

Lakini tulipoigusa karatasi ile kwa kalamu, mkono wetu ulikuwa mzito. Sababu yake hatujapata kuiandika mahali popote mpaka leo. Tunaiandika sasa, kwa ajili ya kijana yule na kwa ajili ya wazazi wote walio na watoto wa umri wake.

Wakati ule tulikuwa na miaka 20. Tulikuwa tumemaliza masomo ya seminari ndogo, na katika miezi ya likizo tulitafuta kazi ili tusile bure mezani kwa baba yetu. Kando ya ziwa kampuni moja ilikuwa ikirefusha gati. Kwa kuwa mwandiko wetu ulikuwa mzuri, tulifanywa karani wa mahali pale. Kazi yetu ilikuwa kuandika majina asubuhi, kupiga filimbi saa sita na saa kumi na moja, kutoa vyombo vya kazi na kuvipokea jioni. Tulipewa ufunguo wa ghala uliofungwa kwa uzi mwekundu, tukauvaa shingoni. Hatuna haya kusema kwamba tulijiona wakubwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Penye maji ya kina lilisimamishwa tishari, yaani chombo kipana kisicho na mashine ya kukiendesha, lililofungwa kwa kamba nne. Juu yake ilisimama winchi, na winchi ilishika nyundo kubwa ya chuma iliyopiga nguzo za gati mpaka ziingie katika udongo wa chini. Kati ya tishari na nguzo zilizokwisha kusimama, watu walivuka juu ya ubao mmoja. Ubao ule haukuwa na mahali pa kushika, tena kila wimbi liliulowesha. Chini yake palikuwa na nafasi ndogo ya maji, pana kiasi cha hatua moja. Tishari liliposogea kwa wimbi nafasi ile ilipanuka, na liliporudi ilifumba kama kinywa.

Ndani ya ghala, juu ya rafu, palikuwa na mavazi 12 ya kuelea, rangi ya machungwa, kila moja katika mfuko wake wa nailoni. Siku ya kwanza mkubwa wa kazi alituonyesha. "Haya ni ya siku ya wakaguzi," akasema. "Likichafuka moja, au likipotea moja, utalipa wewe." Tukaandika katika daftari: mavazi ya kuelea, mapya, 12. Kila Jumamosi tuliyahesabu, na kila Jumamosi yalikuwa 12. Jambo hilo lilitufurahisha kama mwanafunzi aliyepata hesabu zake zote.

Ilikuwa miezi ya kiangazi, wakati upepo wa kusini unapolipiga ziwa lile kwa siku nyingi mfululizo. Asubuhi maji hulala, wakati wa adhuhuri huamka. Siku moja kapita wa kikosi cha nguzo, mzee ambaye alipata kuwa mvuvi zamani, alikuja mlangoni kwetu akiwa amevua kofia.

"Mwanangu," akasema, "leo upepo si wa kuchezea. Nipe manne tu katika yale mavazi, kwa ajili ya hawa wanaovuka ubao. Jioni nitakurudishia mwenyewe, nimeyafuta."

Tukajibu: "Baba, sina ruhusa."

Alitutazama kidogo. "Sawa, karani," akasema, akaenda zake. Tangu siku ile hakutuita tena mwanangu.

Katika kikosi kile alikuwamo kijana mmoja kutoka milimani, mwenye majuma mawili tu katika kazi. Hakujua kuogelea, maana kwao mto mkubwa kuliko yote waweza kuvukwa kwa miguu. Alivaa buti za mpira zenye shingo ndefu alizonunua kwa mshahara wa juma la kwanza, naye alizipenda sana. Kila asubuhi alipoitwa jina alijibu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku chache baada ya maneno yale ya kapita, upepo ulirudi. Hakuna aliyemwona kijana akianguka. Nyundo ilikuwa ikipiga, mashine ilikuwa ikinguruma, na kila mmoja alitazama nguzo yake. Wengi hudhani kwamba mtu anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Si hivyo. Anayezama anatafuta pumzi, naye asiye na pumzi hana sauti. Mara nyingi jambo lote humalizika kwa dakika chache, kimya, karibu kabisa na wenzake.

Saa kumi na moja tulipiga filimbi. Watu wakaja mstari mmoja kurudisha vyombo. Nyundo za mkono 23 zilitoka asubuhi, nazo 22 zilirudi. Tulihesabu mara ya pili, tukakasirika. Tulisimama mlangoni mwa ghala tukasema kwa ukali: "Nani ana nyundo namba 14? Hakuna atakayekwenda nyumbani mpaka iletwe!" Watu wakatazamana. Tukafungua daftari kutafuta jina lililoandikwa mbele ya namba 14, tukalisoma kwa sauti. Hakuna aliyejibu. Ndipo kapita alipotupa kofia yake chini akakimbia kuelekea majini.

Wasomaji wapenzi, tunaomba mfahamu jambo hili vizuri. Kama nyundo ile isingekosekana, tungefunga ghala tukaenda kula. Tulikuwa na hesabu ya nyundo, ya koleo, ya misumari na ya mifuko ya simenti. Hesabu ya watu tuliifanya asubuhi tu, kwa ajili ya mshahara. Jioni hakuna aliyewahesabu.

Wavuvi walitafuta usiku kucha kwa taa zao. Alfajiri walimpata chini ya tishari. Buti zilikuwa zimejaa maji. Nyundo ilikuwa bado imefungwa kiunoni mwake, na kwa hiyo hesabu yetu ilitimia.

Baba yake alifika siku ya pili, mtu mrefu mwenye mvi, akiwa pamoja na mdogo wake. Walituambia tumpe mfuko wa nguo za marehemu. Yule baba aliuliza: "Mwanangu, wewe ndiwe uliyekuwa ukiandika jina lake?"

"Ndiyo, Baba."

"Alikuja kila siku?"

"Kila siku, Baba. Hakukosa hata mara moja."

Akatikisa kichwa polepole, kama mzazi anayesikia habari njema za mtoto wake shuleni. Tulipofungua ghala ili kutoa mfuko, aliona rafu na rangi ile ya machungwa. Akauliza ni kitu gani. Tulimwambia. Akanyosha mkono, akagusa nailoni kwa kidole kimoja.

"Ni mapya," akasema. Hakuongeza neno.

Hayo yalikuwa mabaya, lakini yaliyofuata yalizidi. Katika matanga watu walianza kuuliza, kama ilivyo desturi yetu, nani amemwua. Wengine walisema ziwa lina wenyewe, nao wametwaa haki yao. Wengine walikumbuka kwamba baba mdogo wa kijana, yule aliyekuja pamoja na baba, alikuwa na ugomvi wa shamba na kaka yake, na kwamba ndiye aliyempa kijana nauli ya kushuka ziwani. Kufika mwezi wa pili neno uchawi lilikuwa limekwisha kutamkwa mbele yake. Nasi tulijua habari ya ubao, ya upepo, ya maombi ya kapita na ya mavazi 12. Tulikuwa na ufunguo shingoni. Tulinyamaza, maana tuliogopa kupoteza kazi ya miezi miwili.

Mwaka uliofuata dhamiri haikutupa usingizi. Tulikwenda kwa miguu mpaka kijiji kile, tukaomba wazee wakae, tukasema yote bila kujificha. Baba yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Kwa nini hukuyasema siku ile, watu walipokuwa wamekusanyika? Mdogo wangu amekwisha kuhama. Hatujui alikokwenda." Hatukuwa na jibu. Hata leo hatunalo.

Miaka ilipita, tukawa mwalimu. Siku moja tulikuwa tukifundisha habari za hewa. Tulichukua beseni la maji na bilauri, tukabandika kipande cha karatasi kikavu ndani ya bilauri, chini kabisa, tukaizamisha wima, kinywa chini. Tulipoitoa, karatasi ilikuwa kavu, na watoto wakapiga makofi. Hewa iliyomo huzuia maji yasiingie. Ili kujibu maswali yao tulisoma zaidi, tukaona kwamba kwa jambo hilo dogo wanadamu walijenga madaraja makubwa, na kwamba waliolijenga walilipa kwa miili yao.

Wajenzi walitengeneza makasha makubwa yasiyo na sakafu, nayo huitwa kesoni. Kasha hushushwa mtoni kama bilauri ile, na mashine husukuma hewa ndani kwa nguvu ili maji yatoke. Watu hushuka humo kwa kupita chumba kidogo chenye milango miwili, huchimba tope na mchanga, na kasha hushuka polepole huku mawe yakijengwa juu yake, mpaka lifike penye udongo mgumu. Kila mita 10 za maji huongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo kadiri wanavyoshuka, ndivyo hewa ya ndani inavyopaswa kukandamizwa. Humo sauti za watu huwa nyembamba, na mtu hawezi hata kupiga mluzi.

Mfaransa Jacques Triger, aliyetumia njia hiyo kando ya mto Loire na kuieleza mwaka 1841, aliona kwamba wafanyakazi walipata maumivu makali ya viungo baada ya kutoka. Mwaka 1854 waganga wawili, Pol na Watelle, waliandika neno ambalo lingeweza kuokoa wengi: kwamba hatari haipo katika kuingia bali katika kutoka, na kwamba aliyepata maumivu hupona akirudishwa katika hewa iliyokandamizwa. Lakini maandiko yao hayakufika mikononi mwa watu wa koleo.

Huko Saint Louis, Marekani, James Eads alijenga daraja juu ya mto Mississippi. Watu walitoka katika makasha wakicheka, na baada ya muda mfupi walianguka, miguu imekufa. Zaidi ya 10 walikufa kwa ugonjwa huo kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1874. Mwajua walijikinga kwa nini? Walivaa mikanda ya vipande vya zinki na fedha, mikononi, viunoni na vifundoni. Tuliposoma hayo tulicheka, kisha kicheko kikatukauka kinywani. Hirizi si jambo la watu weusi tu. Ni jambo la kila mtu anayekufa bila kuambiwa sababu. Mganga wao, Jaminet, naye alipooza kwa muda mwaka 1870, kwa kuwa alitoka kasharini kwa dakika chache tu. Tangu hapo alianza kufahamu, na saa za kazi zikapunguzwa.

Kule New York, katika daraja la Brooklyn, mjenzi mkuu Washington Roebling hakukaa ofisini. Alishuka pamoja na watu wake. Mwaka 1872 ugonjwa ulimpiga, akaongoza kazi akiwa chumbani mwake, na mke wake, Emily, alichukua maagizo yake na kuyapeleka kwa wajenzi mpaka daraja lilipofunguliwa tarehe 24 Mei 1883. Jambo moja la Roebling tunalipenda. Mei 1872, kasha la upande wa Manhattan lilipofika karibu mita 24 chini, watu walikuwa wameanza kufa, na mwamba ulikuwa bado mbali. Alipima mchanga uliokuwapo, akaona kwamba waweza kushika nguzo, akaamuru wasimame pale pale. Daraja lile limesimama hata leo. Kumbe kazi haiharibiki kwa sababu mkubwa wake amesema basi.

Mwaka 1878 Paul Bert, mtaalamu wa Ufaransa, alieleza sababu. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni nitrojeni. Chini ya mkandamizo nitrojeni huyeyuka katika damu na mafuta ya mwili. Mtu akitoka upesi, hurudi kuwa mapovu ndani ya mishipa, kama chupa ya limonadi inayofunguliwa ghafula. Akitoka polepole, hutoka kwa pumzi bila kudhuru. Karibu na mwaka 1890, chini ya mto Hudson, ambapo kifo kilikuwa kimechukua karibu mtu mmoja kwa kila wanne kwa mwaka, Mwingereza Ernest Moir aliweka palepale penye kazi chumba cha chuma cha kuwarudisha wagonjwa katika hewa iliyokandamizwa. Katika miezi 15 iliyofuata, kati ya watu 120, walikufa 2 tu. Na mwaka 1908 John Scott Haldane pamoja na wenzake, baada ya kujaribu kwa mbuzi wengi, walitoa kanuni ya kupanda kwa hatua, kusimama na kupanda tena, ambayo wapiga mbizi wa nchi nyingi waliifuata.

Tunawaeleza habari hizo kwa sababu moja. Maumivu yale hayakuwa jini wala laana wala bahati mbaya. Yalikuwa na sababu, na sababu ilipotafutwa ilionekana, na ilipoonekana ikaweza kuzuiwa. Kijana wa milimani naye hakutwaliwa na ziwa. Alikufa kwa sababu ya ubao usio na mahali pa kushika, wa upepo usiosikilizwa, wa buti zenye shingo ndefu na wa mlango uliofungwa. Mwenye ufunguo alikuwa mtu, si pepo.

Yanayotakiwa kufanywa yamekwisha andikwa zamani. Mwaka 1988 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa mapatano namba 167 juu ya usalama katika kazi za ujenzi. Kifungu cha 20 chahusu makasha, cha 21 chahusu kazi katika hewa iliyokandamizwa, na cha 23 chahusu kazi juu ya maji. Hicho cha mwisho chaagiza mambo matatu: watu wazuiwe wasianguke majini, iwepo njia ya kumwokoa aliye katika hatari ya kuzama, na vyombo vya kuwasafirishia viwe salama na vya kutosha. Juni 2022 Shirika hilo lilihesabu usalama na afya kazini kati ya haki za msingi za mfanyakazi. Na hapa kwetu, sheria ya kazi ya mwaka 2002 yataka katika makampuni iwepo kamati ya usalama na usafi wa mahali pa kazi, ambamo wafanyakazi wana wajumbe wao.

Basi yatafsirini maneno hayo matatu kwa lugha ya ubao na kamba. Kuzuia kuanguka ni daraja lenye reli pande mbili, sakafu isiyo na mafuta wala matope, na kazi kusimama upepo unapovuka kiasi. Kuokoa ni vazi la kuelea lililofungwa mwilini, si rafuni. Boya lenye kamba karibu na kila kikosi. Mtumbwi wenye mtu ndani yake anayengoja bila kazi nyingine. Na mtu asifanye kazi peke yake pembeni mwa maji. Asiyejua kuokoa asiruke majini, maana mara nyingi hufa wawili; atupe kamba, au anyoshe mti. Kusafirisha ni chombo kisichojazwa kupita kiasi jioni kwa sababu kila mtu ana njaa. Nasi twaongeza la nne, lisilogharimu hata faranga moja: filimbi ya mwisho inapolia, wahesabiwe watu kwanza, vyombo baadaye.

Nanyi akina mama, msidhani kwamba mambo haya ni ya mafundi tu. Mume anapotoka asubuhi, mwulize: wavaa nini juu ya maji? Nani anakutazama? Nani anawahesabu jioni? Maswali ya mke hayafukuzwi kazini.

Turudi kwa kijana wetu. Tulimsomea maswali hayo matatu, tukamwambia aulize siku ya kwanza. Alitabasamu kwa adabu, akatazama chini.

"Mwalimu, nikiuliza hayo, kazi watampa mwingine. Nje ya lango kuna watu mia."

Hatukumwambia kwamba anakosea, maana hakosei. Tunajua bei ya unga, tena tunajua kwamba yeye ndiye mzaliwa wa kwanza. Tulimwambia tu kwamba mmoja akiuliza anafukuzwa, lakini kikosi kizima kikiuliza pamoja na kapita wake, lazima kijibiwe. Na kwamba sheria imewapa kamati ili asiwepo mmoja wa kusimama peke yake. Tena tulimwambia kwamba, kwa kuwa anajua kuandika vizuri, siku moja huenda akafanywa karani, na ufunguo ukawekwa mkononi mwake.

Ndipo tulipomsimulia habari hii yote, kama tulivyowasimulia ninyi. Chai ilipoa. Alipokwisha kusikia alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza: "Yule kapita, Mwalimu, yuko hai?"

"Yuko hai. Ni mzee sana sasa."

"Ulikwenda kumwona?"

Tulikuwa tumekwenda kwa baba wa marehemu, lakini kwa kapita hatujakwenda mpaka leo. Barua ya kijana tuliimaliza usiku ule, nayo ni nzuri. Jumamosi hii, Mungu akipenda, tutapanda gari la asubuhi kwenda kumtafuta mzee yule, na tukifika tutabisha hodi na kumwita Baba. Kama atatuita mwanangu au karani, hilo ni shauri lake.